Nani Alifungua Honda ya Guka?

Kwetu kuna kesi ambayo haijawahi kufika kortini. Inasema hivi: mwaka wa 2010 anko wangu mdogo alichukua Honda ya guka, akaipeleka mjini, akauza injini yake, akairudisha nyumbani ikiwa na injini ya China. Mimi nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni guka amesimama kwa geti, mikono nyuma, anasikiliza pikipiki ikipanda kilima. Ilipofika akasema hiyo si sauti ya pikipiki yake. Basi. Hukumu ikatoka hapo hapo. Anko akahamia Nakuru, na Krismasi zikaanza kupita bila yeye.

Guka alifariki bila kuongea naye vizuri. Pikipiki ikabaki kwa stoo, imefunikwa na magunia ya kahawa.

Juzi anko mkubwa akanipigia. Kumbe pikipiki za zamani sai zina soko, kuna watu Nairobi wanazitafuta kama dhahabu. Akaniambia, "Wewe si ndiye wa hizo vitu za mtandao? Itengenezee video kali. Sema ni orijino, haijawahi kufunguliwa."

Nilicheka kimoyomoyo. Injini iliyokuwa ya China miaka yote hiyo, siku ya kuuza imekuwa orijino!

Lakini nilienda. Nikapiga picha mbili tatu, nikaziweka mahali nipime upepo. Msee mmoja akanijibu haraka sana: nambari ya chasisi na nambari ya injini hazifanani, kwa hivyo hiyo ni mkebe, atanipa bei ya chuma. Nikaangalia. Kweli hazifanani. Moyo ukaanguka. Nikajua basi, anko aliiuza kweli.

Ilinichukua karibu wiki mbili kujua kwamba yule msee alikuwa anajua nusu ya stori. Hii hapa nusu yake nyingine.

Anza na kahawa. Julai 1975 baridi kali ilipiga jimbo la Paraná huko Brazil, ikaua mikahawa kwa mamilioni. Bei ya kahawa duniani ikapanda kama moshi, na miaka ya 1976 na 1977 wakulima wadogo wa Nyeri walishika pesa ambazo hawakuwa wamezishika tena maishani. Wazee wa kwetu bado wanahesabu vitu kwa hiyo miaka: nyumba ya mawe ya fulani ni ya kahawa, ng'ombe wa gredi wa fulani ni wa kahawa. Guka alinunua Honda CG125 mwaka wa 1978. Ni ya kahawa.

Na hiyo CG125 si pikipiki tu. Ilitoka 1976, na sababu ya kuundwa kwake ndiyo inanifurahisha zaidi. Kabla yake Honda ilikuwa na 125 ambayo kamshafti yake iko juu kabisa kwa hedi, inavutwa na cheni ndogo ndani ya injini. Muundo mzuri, mradi ubadilishe oili kwa wakati. Wahandisi wakatumwa nchi zinazoendelea kuona pikipiki zinavyotumika, na walichokiona unakijua: mzigo wa kupita kiasi, vumbi, oili haibadilishwi mpaka iwe uji mweusi. Cheni inalegea, injini inakufa.

Kampuni ingine ingewaandikia wateja kitabu kinene cha maagizo. Honda ikabadilisha injini. Kamshafti ikashushwa chini karibu na krenki, ikazungushwa na gia badala ya cheni, halafu vijiti viwili virefu vya chuma vikawa vinasukuma valvu kutoka huko chini. Tena ile kamshafti ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Cheni ya gurudumu la nyuma nayo ikafunikwa yote, isile vumbi. Ni injini ya watu waliokubali mapema kwamba itatunzwa vibaya na itafunguliwa na fundi aliyekaa chini ya mti. (Brazil nayo, mwaka huo huo wa 1976, ikaanza kuunda CG pale Manaus, na Pelé mwenyewe akaifanyia tangazo. Yaani baridi yao ilitupa pesa za kununua pikipiki ambayo wao walikuwa wanaiunda. Ya guka lakini ilitoka Japani.)

Sasa, injini iliyoundwa ili ifunguliwe itakuwa imefunguliwa. Swali ni na nani, lini, na alitoa nini.

Nilikaa nayo kwa stoo na tochi ya simu. Fundi mmoja mzee wa Karatina ndiye aliyenifundisha pa kuangalia, na kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa injini hata. Kilikuwa skrubu. Skrubu za msalaba za Kijapani zina kipimo chao, JIS, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Ukiingiza bisibisi ya kawaida ya Phillips inateleza, inakula kichwa. Kwa hivyo kifuniko chenye skrubu za kidoti ambazo vichwa viko safi, kuna uwezekano mkubwa hakijaguswa na mtu mwenye haraka. Kwa Honda ya guka, kifuniko cha kushoto kilikuwa na skrubu zake zote za kidoti, zimelika kidogo. Cha kulia, upande wa klachi, zilikuwa tano za kidoti, zimeliwa hadi zinafanana na matundu ya funza, na zilizobaki zote ni za spana ya L. Huo upande ulifunguliwa mara nyingi, na watu tofauti.

Kisha gasketi. Kiwandani wanaweka karatasi nyembamba, ukiangalia kwa nje unaona kamstari tu. Hapa katikati ya kasha la injini na silinda palikuwa na silikoni nyekundu imefura nje kama jamu kwa mkate. Pezi moja la kupozea hewa kwenye hedi lilikuwa limevunjika na kuchomelewa, kovu lake limenona. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa kubwa kuliko inavyofaa, ishara kwamba uzi wa kwanza uliliwa, tundu likapanuliwa.

Mimi niliona aibu. Kila alama niliiona kama doa. Fundi akaniangalia kama mtu amemtukana mama yake. Akasema hiyo bolti kubwa ni kazi safi, aliyeifanya aliweka uzi ulionyooka, na hakuna tone limevuja.

Na hapo ndipo stori inakuwa ya nchi nzima. Jaribu kukumbuka, ama muulize mzazi wako, Kenya ya miaka ya 80. Kuleta kitu kutoka nje kulitaka leseni, na dola zilikuwa zinapimwa kwa kijiko. Ukivunja kitu cha Honda ukiwa Nyeri huagizi kwa simu. Unachomelea. Unachonga. Unapanua tundu. Hii ndiyo miaka ambayo jua kali ilionekana rasmi: Rais Moi alienda mwenyewe kuona mafundi wa Kamukunji, na sera ya uchumi ya 1986 ikawataja kama watu wa kutegemewa kwa ajira. Vyuma vingi vya hiyo miaka vina makovu, na makovu hayo ndiyo risiti zake. Leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa 1993, soko likafunguka. Kisha 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na unajua kilichofuata kwa sababu labda umefika ulipo ukiwa umekalia kimojawapo. Boda boda zikajaa.

Sasa sikiza hii. Pikipiki nyingi za China zilizoingia hizo siku zilikuwa na injini ya muundo wa CG. Ile ile ya Honda ya 1976, vijiti viwili, gia badala ya cheni. Si zote; Boxer ya Bajaj kwa mfano ina kamshafti juu, ni ukoo mwingine kabisa. Lakini ghafla, spea za kuingia kwa Honda ya guka, pikipiki ya mwaka wa 1978, zikawa zinauzwa kwa kila kibanda cha boda, kando ya muuza mitumba. Kitu ambacho zamani ungengoja miezi unapata kabla chai ipoe.

Ndiyo maana kujua injini ni ya Honda au ni ya China kwa macho tu ni ngumu. Zinafanana kama mapacha. Nambari ndiyo inasema.

Injini ya China ya ukoo huu huwa inaanza na kitu kama 156FMI. Si nambari ya bahati nasibu. 1 ni silinda moja. 56 ni upana wa silinda kwa milimita. F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. Ukiona 162FMJ ni silinda ya milimita 62, cc 150. Mtu akikuuzia "125" na kasha limeandikwa 162FMJ, hapo kuna maswali. Honda yenyewe inaandika hivi: chasisi inaanza CG125, injini inaanza CG125E, kisha tarakimu. Na tarakimu hizo mbili hazifanani tangu kiwandani! Honda haikuwahi kuzifananisha. Injini zilikuwa na mfululizo wao, chasisi zikawa na wao.

Yule msee wa bei ya chuma alikuwa amechukua sheria ya pikipiki za Uingereza akaivisha Mjapani. Triumph za zamani, zile za kiwanda cha Meriden, kweli zilipigwa nambari moja kwa injini na kwa fremu. Zisipofanana, kuna kitu kilibadilishwa. Na kwa sababu watu walikuwa wanasaga nambari na kupiga zingine, kuanzia 1969 Triumph wakawa wanajaza pale pa nambari na vijialama vidogo vya jina lao kabla ya kupiga tarakimu. Ukisaga nambari unasaga na vijialama, na uongo wako unaonekana kwa mbali. Mimi naona hiyo ni akili safi sana.

Honda ya guka haina vijialama. Kwa hivyo tulisafisha pale chini kushoto kwa kasha kwa petroli na mswaki wa zamani, nikapiga picha karibu, nikaikuza. CG125E. Chuma kilichozunguka tarakimu kilikuwa na punje zile zile za kutoka kwa kalibu, kama ngozi ya chungwa, hazijasagwa popote. Tarakimu ziko sawa kwa kimo na kina. Nikaomba cucu ile logbuku ya zamani, yenye nambari ya usajili ya kabla hata ya KAA, aliyoiweka ndani ya Biblia. Tukasoma tarakimu moja moja, yeye kwa kitabu, mimi kwa simu.

Zote zilikuwa sawa.

Injini haikuuzwa. Ilikuwa hapo muda wote, chini ya magunia, na hakuna mtu aliyeinama kuangalia.

Lakini guka hakuwa mjinga, na hii ndiyo sehemu ilinisumbua. Alikuwa ameiendesha zaidi ya miaka thelathini. Akisema sauti imebadilika, imebadilika. Kwa hivyo tukafungua juu. Nilimwomba cucu ruhusa kwanza, anko mkubwa sikumwambia.

Kabureta kwanza: haikuwa Keihin ya kwanza, ni PZ26, ile ya boda za CG. Ekzosi pia ya boda. Silinda ilitoka na silikoni yake, na ukiiweka karibu na kasha unaona ni chuma cha kiwanda kingine, mapezi yake yana ncha kali bado na rangi tofauti. Pistoni juu imeandikwa IN, kuonyesha upande wa kuingiza hewa, na aliyeiweka aliielekeza vizuri. Fundi akapima na vernia: milimita 56.5 na kitu kidogo sana. Saizi ya kwanza kabisa, kama ya kiwandani. Silinda na pistoni mpya za China juu ya kasha la Honda.

Kwa hivyo anko alibadilisha kitu. Kwa nini? Cucu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kuna chuma anko aliacha juu ya mbao za stoo akamwambia asitupe.

Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti la 2010, la wakati wa kura ya maoni ya katiba, kijani kwa Ndio na nyekundu kwa La. Ndani ni silinda ya Honda, na ndani ya silinda, pistoni. Fundi akapangusa juu ya pistoni na kidole gumba. Imeandikwa 1.00.

Nieleze, maana hii ndiyo kesi yenyewe. Silinda ikilika, pistoni inacheza, moshi unatoka, nguvu zinaisha. Dawa ni kuichonga ipanuke kidogo na kuweka pistoni kubwa kidogo. Honda walitoa pistoni za ovasaizi kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00 ya milimita. Kila hatua imeandikwa juu ya pistoni, kwa hivyo ukifungua unajua hiyo silinda ilikufa na kufufuka mara ngapi, ama angalau ilifika wapi. 1.00 ndiyo mwisho. Baada ya hapo ni kuweka shati jipya la chuma ndani au kutafuta silinda ingine.

Na hiyo 1.00 nayo ilikuwa imeisha. Fundi alinishika kidole akakipitisha ndani karibu na juu, nikahisi ngazi ile ringi zilichimba. Ringi mbili zilikuwa zimekwama kwa pistoni. Hiyo pikipiki, mwaka wa 2010, haikuwa na maisha mengine. Mtu aliyetaka pesa angeuza yote kwa kilo. Anko alienda mjini, akaacha kasha lenye nambari ya babake mahali pake, akatafuta silinda aliyoweza kununua, akaifunga, akairudisha. Na akahifadhi ya zamani, imefungwa kwa gazeti, kama mtu anayejua siku moja ataulizwa.

Kwa nini hakusema? Cucu anasema alisema. Anasema hakuna aliyemwuliza swali lililokuwa na nafasi ya jibu.

Najua kuna watu wa orijino watanijia hapa chini. Ati silinda ya China imeharibu thamani. Kwa bei, sawa, mtu anayelipia orijino ana haki ya kupata orijino, na ndiyo maana sikuweza kusema hiyo sentensi ya anko mkubwa mbele ya kamera. Ukiuza, taja kila kitu. Kupiga nambari mpya ili chuma kidanganye ni wizi, sina huruma na hilo. Lakini mnaniambia pikipiki ambayo ingekufa 2010 ingekuwa na thamani zaidi ikiwa imekufa na silinda yake? Hii injini iliundwa na watu waliojua itapita kwa mikono mingi. Mikono ikapita. Yule wa bolti, yule wa kuchomelea pezi, wale waliochonga silinda hatua kwa hatua mpaka 1.00, hakuna hata mmoja ninayemjua jina isipokuwa wa mwisho, na yeye tulimwita mwizi.

Nilitengeneza video mbili. Ya kwanza inaonyesha kila kitu, silikoni, PZ26, silinda mpya na ya zamani zikiwa kando kando. Anko mkubwa aliiona akanitumia meseji ya neno moja ambayo sitaiandika. Pikipiki haijauzwa. Logbuku imerudi ndani ya Biblia, na cucu amesema atakayeitaka aje amwombe yeye.

Ya pili sikuiweka mahali popote. Ni sekunde arobaini: nambari kwa kasha, ukurasa wa logbuku, kisha ile pistoni ya 1.00 juu ya gazeti lake. Nilimtumia anko wangu wa Nakuru usiku, na chini nikaandika tu kwamba tumeangalia. Nikaona zile alama mbili zikigeuka bluu. Hakuandika kitu siku tatu.

Siku ya nne ikaja sauti fupi. Nyuma kuna kelele za karakana, mtu anagonga chuma. Hakutaja guka, hakutaja kesi. Aliniuliza kama tulipoifunga tena tuliweka nafasi ya valvu zote mbili kwa 0.08, injini ikiwa baridi, ama tulikisia. Tulikuwa tumekisia. Amesema tusiiwashe, anakuja Jumamosi na filageji yake.